Mguu wa Mama Nitazame

Mbele yake wacheza densi walimwita Mwalimu. Akigeuka tu, Mama Nitazame. Jina la pili ndilo lililokuwa na ukweli zaidi. Katika miaka yote aliyotunga na kuongoza densi, kuanzia zile baleti ambazo watazamaji walikaa kimya kama wamefiwa, hadi tamthilia za muziki ambazo watu hupiga makofi kabla mwimbaji hajafunga mdomo, hakuwahi kumweleza mtu hatua kwa maneno. Alisimama katikati ya ukumbi, akavuta pumzi, akasema, "Nitazameni." Kisha akacheza. Ukimwuliza, "Mwalimu, linaanza bega au unaanza mkono?" alikujibu, "Mdomo hauchezi, mwanangu. Nitazame," akarudia kucheza. Kazi yako wewe ilikuwa kuwa na macho. Aliyetazama vizuri aliondoka na kila kitu: bega, pumzi, mahali jicho linapoelekea, hata kile kidole cha mwisho ambacho wachezaji wavivu hukisahau kikaning'inia kama mkia wa mjusi. Asiyetazama alipelekwa mstari wa nyuma, na mstari wa nyuma wa Mama Nitazame ulikuwa na baridi kuliko jokofu.

Asubuhi hii alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao, mgongo ameuelekeza kwenye ukuta wa vioo, na alitakiwa kusimama.

Kusimama nako kulikuwa na utunzi wake. Kwanza aliinama mbele, kama mtu aliyekumbuka jambo la kumwambia mpiga piano. Kisha mkono wa kushoto ukashika ukingo wa piano, kwa mapenzi tu, kama unavyomshika rafiki begani. Halafu akajisukuma juu huku akitamka neno lolote, ili kufunika mlio wa nyonga. Leo neno lilikuwa, "Joto."

"Joto kweli," mpiga piano akaitikia. Alikuwa amevaa sweta.

Mpiga piano alikuwa mzee wa makamo yake, mwenye mvi za kichwani na wino wa noti vidoleni, na alikuwa akimpigia tangu enzi za baleti. Hakuulizwa kitu, hakusema kitu.

Nyonga ya kulia ilikuwa imekwisha. Daktari alimwonyesha picha: pale ambapo watu wengine wana gegedu laini, yeye hakuwa na kitu, mfupa unasaga mfupa kama jiwe na jiwe, katikati hamna nafaka. Daktari akataka kumpasua na kumwekea nyonga ya chuma. "Baada ya onyesho," alisema Mama Nitazame. "Onyesho lipi?" daktari akauliza, na lilikuwa swali la haki, maana jibu hilohilo alikuwa ameshalitoa mbele ya maonyesho kadhaa.

Lakini safari hii alimaanisha. Maisha yake yote alikuwa ametunga densi za wafalme, za ndege, za mabinti waliorogwa, za wapenzi wanaokufa polepole ili wapate muda wa kuimba. Tamthilia hii, *Vifungo*, ilikuwa ya kwanza aliyoitoa nyumbani kwao. Ilihusu wanawake wa kiwanda cha vifungo, na mmoja wao alikuwa mama yake mzazi, aliyesimama mbele ya mashine ya kutoboa matundu hadi nywele zikawa nyeupe. Hakuwa na nyingine tumboni baada ya hii. Alilijua hilo kama mama anavyojua kitinda mimba wake.

Na meneja wa ukumbi alikuwa ameshamwonya. Meneja alikuwa mtu wa tai fupi na hofu ndefu. "Mwalimu, mimi nakuheshimu kuliko unavyojua," alimwambia siku ya kwanza, "lakini nimeshaungua. Nilikuwa na mwongozaji akaugua wiki ya mwisho, tukafungua pazia kwa aibu. Siku ukiona huwezi kusimama, niambie mapema. Sindano yupo."

"Nitasimama," alijibu Mama Nitazame. Alikuwa amekaa.

Sindano alikuwa msaidizi wake, kijana mrefu mwembamba aliyemfundisha tangu hajaota ndevu. Jina alilipata kwa umbo, likamkaa kwa kazi: ukimpa densi iliyochanika, hupita ndani yake kimyakimya akaishona. Kwa kuwa pumzi ya Mama Nitazame siku hizi ilikuwa ya kupimiwa, waligawana. Yeye alifundisha hatua hapa ukumbini, kisha Sindano akawachukua wachezaji chumba cha pili na kuwapiga msasa hadi jioni. Hakuwa mtu mbaya. Ndiyo maana ilikuwa vigumu kumchukia, na Mama Nitazame alikuwa amejaribu.

"Ngoma ya kutoka zamu," alisema sasa, amesimama. "Mashine zimezimwa. Mnarudi nyumbani. Nitazameni."

Mpiga piano akaanza ule muziki wa mapigo matatu. Mama Nitazame akatembea. Pigo la kwanza, mguu wa kushoto ukatua vizuri. Pigo la pili, wa kulia ulitakiwa upite mbele kwa ulaini kama mlango uliotiwa mafuta. Badala yake nyonga ikakataa, kiuno kikapanda, mguu ukaburutwa, na mkono wa kulia ukashuka wenyewe kukamata paja. Mpiga piano alimwona kwa pembe ya jicho. Akaliahirisha pigo la tatu, akalining'iniza hewani hadi mwenzake alipofika, ndipo akalishusha. Walikuwa wanajuana kama meno na ulimi.

Mama Nitazame hakujua kama mkono wake ulishuka. Alichojua ni kwamba amevuka ukumbi bila kuanguka.

"Mwalimu," aliita msichana wa mstari wa mbele. Huyu ndiye aliyecheza nafasi ya mama, mdogo kuliko wote, na kwa maneno yake yasiyokwisha walimpa jina la Chiriku. "Samahani, Mwalimu. Pale kwenye paja, tunashika nguo au tunashika nyama?"

Paja gani? Mama Nitazame alifikiri mtoto huyu anazidi kuchanganyikiwa. "Chiriku, mdomo hauchezi. Nitazame."

Akarudia. Chiriku akatazama kwa macho yote mawili, kisha akamnong'oneza jirani yake, "Nyama."

*

Nyumbani aliishi na mdogo wake, fundi cherehani, mjane kama yeye mwenyewe, mwenye ulimi uliokata kuliko mkasi wake. Tuzo zote za Mama Nitazame zilikuwa kwenye chumba cha kushonea. Ile ya kioo ilizuia mlango usijifunge. Ile ya shaba, ya mwanamke aliyenyanyua mikono, ilibebeshwa mikanda ya kupimia shingoni na pini kila mahali ambapo pini inaweza kuingia.

"Leo umepanda ngazi kwa kutanguliza mguu upi?" mdogo wake aliuliza bila kuinua kichwa kwenye cherehani.

"Kwani kuna sheria?"

"Nimekusikia. Kushoto, kimya, kushoto, kimya. Kama mtu anapanda na gunia." Akakata uzi kwa meno. "Dada, mficha maradhi..."

"Usimalizie."

"Simalizii. Wewe ndiye utamalizia." Akainuka, akaleta chupa ya maji ya moto aliyoifunga kwa kitambaa cha gauni la mteja, akaiweka nyongani kwa dada yake kama anayempa mtoto mwanasesere. "Na huo mchezo wako, mama atatokea vipi? Maana nitakuja kuangalia, na ukimkosea nitasimama katikati ya watu."

"Nimemkumbuka akitoka zamu."

Mdogo mtu akacheka. "Wima kama mlingoti! Viatu vimemla vidole, lakini kuanzia kona ile ya duka hadi kwetu, shingo juu, mkoba mkononi, 'Habari za jioni jirani, salama tu jirani.' Akifika mlangoni anaingia, anafunga, puu! Kama gunia la mkaa. Tunamvua viatu pale pale chini."

"Wima," alisema Mama Nitazame. Hicho ndicho alichokuwa akikitunga: wanawake waliochoka hadi kwenye uboho, wanaotembea wima kwa sababu majirani wanatazama. Alifumba macho. Maji ya moto yalikuwa matamu kiasi cha kumtoa machozi, na uchovu ukampanda kutoka miguuni kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa.

"Umwambie na huyo daktari kwamba uko tayari," mdogo wake akasema.

Mama Nitazame alijifanya amelala, na katika kujifanya akalala kweli.

*

Siku ya kupitia mchezo mzima jukwaani, Mama Nitazame alikaa chini, katikati ya viti vitupu vya watazamaji, meneja ubavuni. Tangu mazoezi yaanze hakuwa ameiona ngoma ya kutoka zamu kwa ukamilifu wake. Ukumbini alifundisha amevipa vioo mgongo, kwa sababu hakuwa na hamu ya kumwona bibi aliyekuwa mle ndani. Akishafundisha aliketi, akafumba macho, akasikiliza nyayo. Nyayo zilikuwa pamoja. Akaridhika.

Sehemu ya kwanza ilipita. Mashine za mbao zilizunguka, waimbaji wakaimba, Chiriku akapoteza kifungo na kukitafuta kwa wimbo mzima. Kisha king'ora cha zamu kikalia, piano ikaingia na mapigo yake matatu, na wanawake wa kiwanda wakatokea upande wa kushoto wa jukwaa, Chiriku mbele.

Mama Nitazame alidhani Chiriku ameumia. Kiuno kilipanda, mguu wa kulia ukaburutwa, mkono ukashuka ukakamata paja. Alitaka kunyanyuka aseme simamisheni. Ndipo akamwona wa pili. Na wa tatu. Na mstari mzima nyuma yao, viuno vinapanda pamoja, miguu inaburutwa pamoja, mikono inashuka pamoja kukamata nyama, kidole gumba kimegeukia nje, kila gumba. Piano ilisubiri. Wote wakasubiri pamoja nayo, mguu mmoja hewani, kisha wakatua.

Ilikuwa kama kuingia kwenye chumba cha watu na kukuta kila mmoja amevaa nguo yako ya ndani.

Hivyo ndivyo ninavyotembea, aliwaza. Na alidhani hakuna aliyeona! Kumbe hila zote zile, ya piano, ya joto, hazikuwa zimemficha hata dakika moja. Wangemwonaje nusu, wakati yeye mwenyewe aliwafundisha kuona hadi kidole cha mwisho?

Densi ikaisha. Alimgeukia meneja akitegemea hasira, akamkuta anajifuta macho kwa ncha ya ile tai fupi.

"Umenipiga kofi, Mwalimu," meneja alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Mama yangu alisimama dukani maisha yake yote. Jioni alitembea hivyohivyo. Hivyohivyo! Anashika hapa." Akajishika paja. "Umeutoa wapi mguu ule?"

Alikuwa na muda wa pumzi moja kuamua.

"Nyumbani," alisema Mama Nitazame.

"Basi mtu asiuguse. Umesikia? Mguu ule ndiyo roho ya mchezo. Watu watalia."

Akabaki amekaa wakati meneja akienda kupongeza watu. Alipaswa kufurahi. Siri yake sasa ilikuwa na mahali pa kujificha, na mahali penyewe palikuwa jukwaani, mbele ya taa. Angechechemea mchana kutwa na kila mtu angesema: mtazame Mwalimu, bado yumo ndani ya kazi yake. Ila mama yake hakuchechemea. Mama yake alitembea wima kama mlingoti, na hakuna aliyelia kwa ajili ya kutembea wima. Watu wamelilia nyonga ya binti yake.

Sawa, alijiambia. Na iwe. Alikuwa amechoka mno kugombana na makofi.

*

Sindano alimfuata kwenye korido ya nyuma, pale penye harufu ya rangi na viatu vya wengi.

"Mwalimu, shikamoo tena."

"Tumeamkiana asubuhi, mwanangu. Sema."

Sindano alitazama ukuta. "Chiriku hasemi."

"Hasemi nini?"

"Hasemi chochote. Tangu juzi. Ndipo nikajua kuna jambo."

Walimkuta Chiriku amelala chali kwenye sakafu ya chumba cha kubadilishia nguo, mfuko wa barafu kwenye nyonga ya kulia. Alipomwona Mwalimu alitaka kuruka asimame, uso ukajikunja.

"Lala hapo hapo," alisema Mama Nitazame. "Inauma lini?"

"Si kitu, Mwalimu. Nikipata moto haiumi kabisa. Ila nikilala. Ubavu huu siwezi."

"Inauma kama nini?"

Chiriku akafikiri. "Kama jino. Lakini huku."

Mama Nitazame aliyajua maumivu hayo. Jino, naam. Kwake pia ilianza kama jino, na kwake pia haikuuma akipata moto. Alikuwa na umri gani? Mkubwa kuliko huyu. Mkubwa kuliko huyu kwa mbali.

"Na wengine wamelalamika?" alimwuliza Sindano walipotoka.

"Wengine wawili. Upande huohuo. Tunaurudia kutwa, Mwalimu, na uzito wote unashukia mahali pamoja."

"Na wewe uliona tangu mwanzo."

"Niliona."

"Ukanyamaza."

"Ningeuliza vipi?" Sindano hakupandisha sauti, lakini maneno yalimtoka kwa kasi, kama yalikuwa yamepangwa foleni. "Nikuulize, Mwalimu, samahani, hii ni hatua au ni ugonjwa? Kama ni hatua, nimekutukana. Kama ni ugonjwa, utasema nataka kiti chako. Nikaona bora niisafishe tu. Nimeisafisha vizuri, sivyo?"

"Vizuri mno," alisema Mama Nitazame. "Hata gumba."

Alirudi ukumbini akamkuta mpiga piano peke yake, anakula mkate juu ya piano, kitu alichomkataza tangu ujana wao.

"Umenisubiri kwenye pigo la tatu," alimwambia. "Miezi yote hii."

"Ulikuwa unachelewa," mpiga piano akajibu. Akapangusa makombo. "Nilisema moyoni, kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi."

"Rahisi kusema ukiwa mhunzi. Mimi ni koleo."

Mzee akatafuna, akameza. "Basi koleo likae chini, mama. Limefanya kazi."

Hakumpenda kwa jibu hilo. Aliketi kwenye kiti chake na kuhesabu njia zilizobaki, akakuta zote zinaelekea mlango mmoja. Angeweza kumwambia Sindano aitoe hatua kimyakimya. Meneja angeuliza nani kaugusa mguu. Angeweza kumpumzisha Chiriku na kumpa mwingine nafasi. Nyonga nyingine ingeanza kuuma kama jino. Angeweza kunyamaza hadi siku ya kwanza ipite, na ya pili, na makofi yaje, na watoto wale wavumilie, kwa sababu wachezaji huvumilia, yeye ndiye aliyewafundisha. Hiyo ya mwisho aliikalia kwa muda mrefu kuliko alivyopenda. Ilikuwa na kiti kizuri.

*

Mchana aliwaita wote ukumbini, meneja pia. Wakasimama kwenye mistari yao wakisubiri neno lile moja. Yeye akabaki kitini.

"Leo sisimami," alisema.

Wakangoja.

Hakujua pa kuanzia. Kwa watu wengine maneno ni mafungu ya mchicha, wanayagawa tu. Yeye alikuwa kama mtu aliyeingia jikoni kwa mara ya kwanza uzeeni, hajui sufuria liko wapi.

"Ule mguu mnaouvuta," alisema. "Siyo hatua. Ni nyonga yangu. Imekwisha."

Mmoja akacheka, akidhani ni mzaha, kisha akameza kicheko nusu.

"Na kushika paja?" Chiriku aliuliza kutoka kwenye mkeka wake pembeni.

"Nilikuwa naumwa."

"Na gumba?"

"Sijui kuhusu gumba. Gumba nalo lilikuwa linaumwa."

"Na pale tunaposubiri pigo la tatu?"

Wote wakamgeukia mpiga piano. Mzee akainua mikono kama mtu aliyekamatwa sokoni. "Mimi nilikuwa namsubiri yeye," alisema.

Safari hii walicheka kweli, na Mama Nitazame akacheka nao kidogo, na kicheko kikamuuma pale pale. Meneja hakucheka. Aliivuta tai yake chini kana kwamba ingerefuka.

"Mwalimu, nilikuomba uniambie mapema."

"Nimekuambia."

"Siyo mapema! Pazia linafunguliwa wiki ijayo!"

"Ningekaa kimya usingejua kamwe," alisema Mama Nitazame. "Wewe ulikuwa unalia."

Meneja alizunguka ukumbi mzima, mikono nyuma, akarudi. Aliposema alisema kwa upole, na upole ulikuwa mbaya zaidi. "Kuanzia sasa anaongoza Sindano. Jina lako litabaki kwenye utunzi. Uongozi ni wake, bango nitalibadilisha. Na mguu unabaki. Samahani, Mwalimu, lakini unabaki. Niliona nilichoona."

Hapo ndipo lilipomwingia. Alidhani angesikia kitu kikubwa, mlio wa jambo linalovunjika. Alisikia uchovu tu, ule ule wa kila siku, umepata mahali pa kukaa.

Sindano hakusogea. "Nitaongoza," alisema hatimaye, "lakini mguu ule siufundishi kama ulivyo. Ninaweza kuutengeneza usiumize. Goti lilegee, uzito ubaki mguu wa kushoto, na mistari ibadilishane pande." Akapiga magoti mbele ya kiti, ili macho yao yawe sawa. "Lakini siwezi kutengeneza kitu nisichokijua. Mwanamke huyu anachechemea kwa nini?"

"Hachechemei," alisema Mama Nitazame.

"Mwalimu..."

"Hachechemei! Nakuambia. Ni mama yangu." Akavuta pumzi. Mikono yake ilitaka kunyanyuka ionyeshe. Akaikalia, mmoja huku, mwingine huku. "Ana viatu vinavyombana. Amesimama kutwa. Kuna kona yenye duka, na kuanzia kona hiyo majirani wanakaa nje. Kwa hiyo anatembea wima. Anasalimia. Shingo iko... shingo haiko juu sana, akiiweka juu sana watasema anaringa. Ni kama mtu aliyebeba maji kichwani na hataki ujue kwamba ni mazito." Aliishia hapo, akaona wanangoja. "Halafu anaingia ndani. Anafunga mlango. Halafu anaanguka. Sisi tunamvua viatu."

Maneno yalikuwa yametoka vibaya, yamepishana, mengine yamekanyaga mengine. Alijionea aibu.

Sindano alikuwa bado amepiga magoti, macho yamekwenda mbali. "Kwa hiyo akipita majirani," alisema polepole, "kati ya jirani wa mwisho na mlango. Pale hakuna anayemtazama."

"Hatua chache tu."

"Chache zinatosha."

Akainuka, akawapanga. Chiriku akabaki mkekani kutazama. Msichana mwingine akasimama mahali pake. Mpiga piano akauliza kama asubiri pigo la tatu au asisubiri, na Sindano akamwambia asisubiri, asisubiri, mpaka nikuambie. Wakaja wakitembea wima, wamechoka, shingo mahali pake, wanasalimia huku na huku kwa vichwa. Wakawapita majirani. "Sasa," alisema Sindano, na piano ikachelewa, na katika nafasi ile ndogo viuno vikashuka, wengine kulia wengine kushoto, goti laini, mguu ukaburutwa kwa siri hadi mlangoni.

Meneja akajishika paja bila kujua.

Ilikuwa nzuri. Mama Nitazame alikuwa ameona densi nyingi mno kujidanganya: ilikuwa bora kuliko ya kwake ya kwanza na kuliko ile ya makosa. Angeifikia mwenyewe? Pengine zamani. Pengine asingeifikia, kwa sababu angeinuka na kuicheza badala ya kuisema. Hakuwa na nguvu ya kulipima jambo hilo leo. Aliegemeza kichwa nyuma na kuwaacha wapite mbele yake, mara hii, mara ile, hadi jasho la ukumbi likafunika vioo.

Sindano alirudi kitini, anahema. "Mwalimu, akifika mlangoni, anafungua kwa mkono gani? Mkoba uko wapi?"

Mama Nitazame akatafuta. Aliuona mlango, rangi yake iliyobanduka chini palipopigwa na viatu vya watoto. Aliiona kanga ya pazia. Mkono hakuuona.

"Sikumbuki," alisema.

Wachezaji wote walikuwa wamegeuka, wanasubiri. Hawakuwahi kumsikia akisema neno hilo.

"Kulia au kushoto?" Sindano akauliza tena kwa heshima, kama anayempa nafasi ya kulifuta.

"Sikumbuki, mwanangu. Chagua wewe."